Siku Niliyoshika Wabatizwa Ziwani

Niacheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Mimi ni fundi cherehani pale Gungu. Kanisani nashona kanzu nyeupe za ubatizo, na hapo sijawahi kulaumiwa. Jumapili iliyopita mzee wa kanisa anayeshika wabatizwa ziwani aliugua, mchungaji akanigeukia.

"Fundi, wewe si mtoto wa Bangwe? Maji umezaliwa nayo."

Nikaona aibu kusema kwamba ziwa naliogopa tangu utotoni. Nikajibu, "Amina, mchungaji."

Maji yalipokuwa magotini nilikuwa jasiri. Yalipofika kifuani nikaanza kuhesabu hatua za kurudi mchangani. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mama Neema, muuza dagaa kutoka Kagunga, mama wa miraba minne. Nikamshika mkono. "Usiogope, mama. Mimi nipo."

Likaja wimbi. Nikamrukia shingoni, macho nimefumba, nikipiga kelele hadi kwaya ikanyamaza.

Alinibeba kama mtoto mpaka mchangani, akanikalisha taratibu, akanipangusa uso kwa pindo la kanzu niliyomshonea mwenyewe. Kisha akamgeukia mchungaji.

"Baba mchungaji, huyu nimeshamtoa. Sasa mimi nani atanishika?"