Nusu ya Mpindo wa Mwanga

Enzi za Mwingereza nilikuwa nafundisha hesabu Kibiti, huku nami nikisoma masomo ya juu kwa posta. Karatasi zilitoka Uingereza kwa meli, kisha zikaletwa kwa lori. Mvua ikikata barabara, nilikaa hata miezi miwili bila barua.

Somo lililonitesa lilihusu mwanga wa nyota unaopita karibu na jua. Jua huupinda, lakini kidogo mno, kwani kwa kipimo cha somo lile hata mvuto wa jua ni dhaifu. Ndiyo maana tuliruhusiwa kuyaacha yaliyo madogo kupita kiasi na kukokotoa kwa makadirio. Wanafalaki walikwisha kuupima mpindo huo jua lilipopatwa, nyota za kandoni mwake zikaonekana mchana.

Nikakokotoa. Nikapata nusu ya walichopima.

Nilirudia mara nne, nusu vilevile. Nikatuma kwa aibu. Mwalimu wangu wa ng'ambo akarudisha kwa wino mwekundu: "Hesabu yako haina kosa. Jibu si sahihi."

Sasa hilo ndilo lililonivuruga. Darasani nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba hesabu isiyo na kosa haiwezi kuzaa jibu la kosa. Wiki ile nilifundisha vibaya, hata mwalimu mkuu akaniuliza kama nina homa.

Likizo ilipofika, mimi na mke wangu tukaenda kwao Salale, kwenye delta ya mto Rufiji. Baba mkwe, mkata mikoko, alitupokea kwa mtumbwi.

"Mbona kimya, mwalimu? Binti yangu kakukosea?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza: kitu kinapita, kinavutwa, kinakwenda kombo, nami napata nusu tu ya huo ukombo. Akapiga kafi mara mbili tatu.

"Umehesabu mkondo unaokisukuma," alisema. "Na njia yenyewe je? Hapa mtumbwi ukienda kombo, usiulaumu mkondo peke yake. Mto nao umepinda."

Nilicheka kwa adabu. Lakini niliporudi Kibiti nilikuta barua ya pili ya mwalimu wa ng'ambo: nilihesabu jinsi jua linavyouchelewesha wakati, nikasahau kwamba linapinda na nafasi yenyewe, yaani ule uwazi ambamo mwanga unapita. Kila kimoja kinaleta nusu.

Nikaongeza nusu ya pili, nikapata alama zote. Furaha haikuja. Mto una kingo, unaona ulipopinda. Nafasi tupu inapindaje, na imepinda ndani ya nini? Mke wangu aliitazama karatasi.

"Sasa umeelewa?"

"Nimepata."

"Sikukuuliza kama umepata."

Nilimwandikia mwalimu wa ng'ambo swali langu la nafasi tupu inayopinda. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba naye hulikwepa. Barua hiyo ilinituliza kuliko alama, ingawa hadi leo, nikikaa nalifikiria jambo lile, kichwa huniuma.