Nyongeza ya Mionzi

Binti yangu wa miaka minne alipoanguka kutoka kwenye mparachichi alilia, akatapika, kisha akataka kulala. Usingizi ule ndio ulionitia hofu. Daktari wa hospitali ya Nyamiaga, huku Ngara, naye hakuupenda. Akasema twende hospitali ya rufaa, akapigwe picha ya kichwa kwa mashine ya CT, ionekane kama damu imevujia ndani.

Mama mkwe akapanda gari la wagonjwa kabla yangu. Nani wa kumzuia? Huyo hata harusi asiyoalikwa hukaa mbele. Tangu Nyamiaga mpaka tunaipita Lusahunga na malori yake, alimsemesha mtoto asilale, nami nikimfinya vidole huku roho mkononi.

Mpiga picha alikuwa kijana mpole. "Shikamoo bibi," akaanza, kisha akatueleza kwa fahari: "Msiogope. Mionzi ya mtoto tunaipunguza, hatumpi ya mtu mzima. Na tunapiga kichwa tu."

Weee! Heri angetutukana. Kwetu mgeni akipunguziwa pombe ya ndizi ameshaambiwa aondoke. Hata muuza maharage akishakupimia lazima akutupie nyongeza, la sivyo humrudii tena.

"Marahaba," mama mkwe akajibu. "Mnatupunguzia kwa kuwa tumetoka kijijini Keza? Mpeni yote. Na tumbo mlipige, maadamu tumeshafika. Halafu mtie na nyongeza."

"Ndiyo, mpeni yote," nikaitikia. Kwa hofu niliyokuwa nayo, ningeomba hata ya ng'ombe.

Kijana hakukasirika. "Bibi, huyu mjukuu unampakulia chakula cha baba yake?"

"Thubutu! Apasuke tumbo?"

"Na mionzi ni hivyo hivyo. Mwili wake bado unakua, ikizidi inaweza kumdhuru huko mbele. Kiasi hiki kinatosha kuiona damu kama ipo. Ila akitikisika picha itaharibika, tutarudia, na hapo ndipo atakapoipata hiyo nyongeza yako."

Mama mkwe akatii. Tangu niolewe sijawahi kuliona jambo hilo. Akavua kitenge chake, akamfunga mtoto mikono na miguu kama anavyomfunga mgongoni akienda shamba. Yeye mwenyewe akavishwa aproni nzito ya kukinga mionzi, akasimama pale pale kwenye mashine, akamwimbia polepole kwa Kihangaza wimbo wa kubembeleza. Mtoto akatulia tuli. Picha ikapigwa mara moja tu.

Damu haikuwepo. Nilikaa sakafuni nikalia, wala sikujali nani ananitazama.

Tuliporudi Keza majirani walijaa uani kutupa pole. Mmoja akauliza kama tulipewa kipimo kamili, maana watu wa mjini wanajua kuwabania watu wa shamba.

"Kamili cha nini, kwa mtoto mdogo vile?" mama mkwe akamkata. "Yule kijana alitaka kumjazia mionzi. Nikamwambia, wewe, hebu punguza!"

Jamani! Nikafungua kinywa nimsute mbele za watu. Lakini mtoto alikuwa mgongoni kwake, ndani ya kitenge kile kile, amelala fofofo, na safari hii hapakuwa na haja ya kumwamsha. Nikakifunga kinywa changu.