Kahawa Tuliyoikataa Muleba

Wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya sahihi moja. Nimesaini karatasi nyingi bila kuzisoma: za bweni, za maktaba, za kupokea cheti. Hii niliisoma mpaka nikaikariri. Ilisema kwamba mimi, mkalimani wa timu, nathibitisha kuwa majibu yote yaliyokusanywa vijijini Muleba yametafsiriwa kwa usahihi na kwamba yanaweza kutegemewa. Kifungu cha kwanza kilikuwa kweli. Cha pili nilijua si kweli, na waliojua hivyo tulikuwa wawili tu, mimi na mjane mmoja.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya historia nikarudi nyumbani Buhembe, kwenye migomba ya baba. Mjomba wangu alikuja kila Jumapili baada ya misa, na alikuja na swali lilelile.

"Sasa msomi, hiyo historia yako inatibu nini?"

"Haitibu, mjomba."

"Inamfunga mtu jela?"

"Hapana."

"Basi hata simu haitengenezi?"

Mama alikuwa akisema, "Mwache mtoto ale."

"Ale tu. Kula ndiyo historia anayoijua."

Nilicheka kila mara, na kila mara maneno yale yalibaki nami hadi Jumatano. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya namna mgeni anavyopokelewa katika nyumba za Kihaya: anakaa wapi, nani anaanza kusema, nini kinasemwa kabla ya kipi. Mwalimu aliyenisimamia aliipenda. Baada ya mahafali hakuna mtu mwingine aliyeniuliza habari zake.

Kwa hiyo mradi wa utafiti ulipotafuta mtu wa Kihaya, niliomba siku hiyohiyo. Timu iliongozwa na daktari aliyechunguza presha kwa wajane. Mwanasheria alichunguza mirathi na mashamba yao. Mtaalamu wa kompyuta alikuwa akitengeneza mfumo wa kuwakumbusha dawa kwa ujumbe wa simu. Wote watatu waliingia nyumba moja kwa wakati mmoja, na lazima nikiri kwamba wazo lilikuwa zuri. Mtu haumwi Jumatatu kisha akadhulumiwa Jumanne. Yote humkuta kwenye kiti kilekile. Nilipenda kuwasikiliza wakibishana ndani ya gari, kila mmoja akiamini swali lake ndilo mlango na maswali ya wenzake ni madirisha. Mimi sikuhesabiwa kuwa fani ya nne. Kwenye orodha ya timu niliandikwa baada ya dereva, neno moja tu: lugha.

Tulikuwa na sheria ya kutopokea kitu chochote kutoka kwa tunayemhoji. Siilaumu. Iliwekwa ili mtu asione kwamba ananunua matibabu au hukumu, na mahali pengine ingekuwa sheria nzuri.

Nyumba ya kwanza, tulipopita Kemondo na kuingia Muleba, bibi mmoja alitutandikia mikeka akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko. Ndani yake kulikuwa na emwani, kahawa iliyochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa, ya kutafuna. Kwetu kikapu hicho hutangulia maneno. Mgeni huchukua punje mbili tatu, anatafuna, mwenyeji naye anatafuna, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Daktari alitazama kikapu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

Nikasema kwa Kihaya, kwa neno letu la heshima, "Asante waitu, kazini haturuhusiwi."

Bibi alikirudisha kikapu mapajani, akakifunika. "Haya. Ulizeni."

Unakunywa dawa kila siku? Kila siku. Shamba hili ni la nani? Langu. Una simu? Ninayo. Tulimaliza upesi, tukaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Kikapu, asante waitu, kila siku, langu, ninayo. Jioni ndani ya gari watu walifurahi. "Muleba wametuzidi sisi wa mjini," mwanasheria alisema. "Hapa nitakosa kesi." Nilicheka nao. Mimi, niliyeandika kwa mkono wangu kwenye tasnifu kwamba asiyetafuna huambiwa maneno ya barabarani tu.

Siku moja nilisahau koti kwa mjane mmoja. Kesho yake nikalifuata peke yangu kwa bodaboda, bila fomu wala kishikwambi. Nilimkuta anamenya ndizi. Aliniangalia sana kabla ya kunikaribisha.

"Leo umekuja na mdomo?"

"Nimekuja nao, mae," nikasema, nikimwita kama ninavyomwita mama.

"Maana jana uliuacha kwenu."

Akaleta kikapu. Nilitafuna. Akaniuliza kwetu ni wapi, ukoo gani, mama yangu ametoka wapi. Alipomaliza kunijua, alianza kusema mwenyewe. Aliyoniambia sikuyaandika siku ile na siyaandiki hapa. Nitasema hili tu: katika majibu matatu aliyotupa jana yake, hakuna hata moja lililobaki limesimama.

"Mbona jana hukusema hivyo?"

"Jana niseme na nani? Mtu amekataa punje yangu, halafu nimpe shamba langu mkononi?" Akanielekezea kisu cha ndizi, akicheka. "Na haya si ya kwenye kile kioo chenu. Nimekuambia wewe."

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Nikisema nilichosikia, nimemsaliti. Nikinyamaza, ripoti itaandika kwamba wajane wa Muleba wana dawa, wana mashamba, wana simu, na yeyote atakayeisoma atapeleka msaada kwingine. Kisha nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Pengine ilikuwa nyumba ile moja tu. Pengine naikuza kahawa kwa sababu ndiyo niliyoisomea. Mwamba ngoma huvutia kwake. Pengine nilitaka tu, kwa mara moja, mjomba akose la kusema. Nilitembea kati ya migomba nikijibishana na nafsi yangu mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Mama, mgeni akikataa emwani, unamjibu nini?"

"Namjibu ndiyo."

"Ndiyo kwa lipi?"

"Kwa lolote atakalouliza. Ili aondoke kwa amani." Akaendelea kupepeta maharage, kama vile nimemuuliza jua linatoka wapi.

Siku ya kukabidhi ripoti tulikutana kwenye ofisi ya mradi, ghorofani juu ya duka la vitambaa pale Miembeni. Daktari alinisogezea karatasi.

"Umesaini?"

"Bado."

"Kalamu imekwisha wino?" mwanasheria akauliza.

Nikawaambia. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu tangu asubuhi, lakini yalitoka bila mpangilio. Nilisema majibu ya Muleba ni adabu tupu. Tumewafukuza watu kwenye nyumba zao wenyewe kwa kukataa kikapu, nao wametujibu kama wanavyomjibu mtu wanayetaka aondoke.

Mtaalamu wa kompyuta alishika kichwa. "Yaani mfumo wangu umeangushwa na kahawa?"

"Nani amekwambia?" mwanasheria alikwisha kuchukua kalamu. "Nyumba namba ngapi?"

"Siwezi kusema."

"Basi ni tetesi. Mahakamani hiyo wanaitupa nje kabla ya chai."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nadhani ni lile neno tetesi. "Hapa si mahakamani," nikasema. "Wewe unataka shahidi, daktari anataka kipimo, huyu anataka namba ya simu. Sawa, ndiyo kazi yenu, na nimewatafsiria maswali yenu yote bila kuuliza yanatibu nini. Kazi yangu mimi ni kujua kwa nini mtu amesema alichosema. Nimeisomea miaka mitatu. Haitibu na haimfungi mtu, lakini bila hiyo mnapima ukarimu wa watu mnadhani mmepima presha."

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu.

"Mdogo wangu, kurudia Muleba yote ni miezi. Ukisaini leo, Jumatatu tunaanza Bukoba mjini na wewe. Usiposaini, nitatafuta mkalimani mwingine na ripoti itakwenda. Sikutishi, nakueleza tu. Na wewe huna ushahidi."

Nilimfikiria mjomba, nilifikiria Jumapili zote zitakazokuja. Nikamfikiria mjane na kisu chake. Kisha nikaona jambo ambalo wiki tatu za kuwaza zilikuwa zimelificha. Walikuwa wakidai shahidi, na shahidi alikuwa amekaa mbele yao. Sikuhitaji kusema alichosema mtu yeyote. Nilichohitaji kusema ni nilichofanya mimi.

Nikaivuta karatasi. Kifungu cha pili nilikikata kwa mstari. Chini yake nikaandika, kwa herufi kubwa ili nisijifanye baadaye kwamba hazikusomeka:

Katika kila nyumba ya Muleba mwenyeji alitupa kahawa ya kutafuna, na kila mara mimi, ninayejua maana yake, niliikataa kwa niaba ya timu. Kuanzia hapo tulijibiwa kama wapita njia. Majibu haya yasitumike mpaka turudi na kukaa kama wageni. Mkalimani, mhitimu wa historia.

Nikasaini. Mwanasheria aliinama akasoma juu ya bega langu, taratibu, midomo ikicheza.

"Unajua hii inakushtaki wewe mwenyewe?"

"Najua. Ndiyo sababu huwezi kuiita tetesi."

Nikaibana kwa stepla kwenye ripoti, pini mbili, nikaweka kishikwambi cha mradi juu ya meza, kisha nikaishika ripoti kwa mikono miwili nikamnyooshea daktari. Hakunyoosha mkono mara moja. Nilibaki nimesimama hivyohivyo mpaka alipoipokea.