Aliyenisubiri Msituni Olmotonyi

Sikuwa nimekunywa kitu siku ile, wala sikuwa naumwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kunikazia macho kana kwamba ananipima homa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, tena mchana, huko Olmotonyi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilitoka Singida kuja Arusha kushona sare za shule kwenye karakana ya mama mmoja, nikapanga chumba Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira. Ukitaka kuujua upweke, kakae pale siku ya mechi. Unasikia uwanja mzima unashangilia goli, na wewe umekaa kitandani na kikombe cha chai, hujui hata nani kafunga. Zilikuwepo Jumapili ambazo toka kanisani mpaka kulala sikufungua mdomo, maana ningeongea na nani?

Ndipo kanisani likatoka tangazo. Vijiji vinavyopakana na msitu wa Olmotonyi, nje kidogo ya mji, vilikuwa na sherehe. Walikuwa wamezifyeka na kuzitengeneza njia za kutembea, wamejenga vidaraja vya mbao na bustani ya watoto yenye bembea, na sasa walikaribisha watu wote waje watembee na kufurahi. Nikajisemea, huko sikosi rafiki.

Sherehe ilifana, jamani. Kwaya zilipokezana, nyama zilichomwa, akina mama wa Kiarusha waligawa loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, na watoto waligombania bembea mpaka wengine wakalia. Ila kila mtu alikuja na watu wake. Nilimsalimia huyu na yule, wakaitikia vizuri tu, kisha wakageukiana wao kwa wao.

Mchana tukaanza kupanda mlima kupitia miti ya misindano. Nilikuwa wa mwisho. Kamba ya kiatu ikafunguka, nikainama kuifunga. Nilipoinuka, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru, na kundi lote limeyeyuka ndani yake. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia kama nipo.

"Dada, na wewe uko peke yako?"

Alikuwa mwanamke wa rika langu, amejifunga kitambaa cha njano kichwani, na kidevuni ana kovu dogo. Amesimama pembeni ya njia kama mtu anayesubiri gari.

"Wenzangu wametangulia," nikamwambia.

"Wangu pia," akasema. Tukacheka.

Tukaongozana. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanaponibishia. Hakunitisha hata kidogo. Aliniuliza natoka wapi, mama yangu bado yupo, usiku napika nini nikiwa mwenyewe. Nilipojibu, alinyamaza akasikiliza, tena akauliza zaidi. Niliongea mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilimweleza jinsi mama alivyofariki mimi nikiwa njiani, kwenye basi. Nililia, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini huko juu nani asiye na mikono ya baridi?

"Twende kwangu ukaote moto," akasema. "Si mbali."

Tukaiacha njia kuu, tukashika nyingine upande wa kushoto. Niaminini, niliiona njia ile kwa macho yangu haya. Ilikuwa pana, imefagiliwa, na mawe meupe yamepangwa pande zote mbili. Nyuma yetu kwaya ilizidi kufifia, na mimi, Mungu anisamehe, sikujali.

Ndipo mvua ikanyesha. Ilinilowesha mpaka gauni likanigandama miguuni. Nikageuka nimwambie tujikinge, nikaona kitambaa chake hakina hata tone. Uso wake mkavu. Mabega makavu.

"Dada," nikamuuliza, "mbona wewe hulowi?"

Akasimama. Akaniangalia kwa huzuni, kama mtu aliyeulizwa swali alilotamani lisiulizwe.

"Si umeshafika," akasema. "Bado hatua chache tu." Na akaanza kunivuta.

Mara ikasikika filimbi, na mwanamume akapaza sauti: "Dada, simama hapo hapo! Usisogee!"

Nikaangalia chini. Hapakuwa na njia. Hapakuwa na jiwe hata moja jeupe. Nilikuwa kwenye kichaka, na mbele ya vidole vyangu vya miguu ardhi imekatika, korongo limeshuka mpaka kwenye maji yanayonguruma chini. Mkono wangu ulikuwa umenyooka mbele, haujashika kitu.

Lazaro, mlinzi wa msitu, alinivuta nyuma kwa mtandio wangu. Alipopata pumzi akauliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kovu la kidevuni, alivua kofia.

"Huyo ni mke wa mzee Elifasi," akasema taratibu. "Walikuja wanawake wengi kuokota kuni, zamani hizo. Walipofika nyumbani ndipo wakagundua hayupo. Tulimtafuta mpaka tukachoka."

Tuliporudi kwenye uwanja wa sherehe, habari ilikuwa imeshatutangulia kwa simu ya Lazaro. Mzee mmoja mwenye koti refu alinijia polepole, watu wakampisha.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu." Nilidhani ataniuliza nilimwona wapi. Akaniuliza, "Alikuwa anasikia baridi?"

Nilikumbuka ule mkono.

"Hapana, baba," nikasema. "Mvua haikumgusa."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaenda kukaa peke yake mbali na kwaya. Nikamfuata, nikakaa naye. Tulikaa hivyo mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Tangu siku ile sijaingia tena msituni. Mkono ule alioushika unakufa ganzi kila kukiwa na ukungu, hospitali wamepima hawaoni kitu. Lakini linaloniogopesha zaidi ni jingine. Nikiwa chumbani, watu wakipiga kelele uwanjani, namkumbuka. Nam-miss, kama wasemavyo vijana. Hajatokea mtu mwingine kunisikiliza vile.

Kwa hiyo nawaomba, mkienda huko kutembea, na nendeni, maana ni kuzuri mno, msiangalie mbele tu. Geukeni mara kwa mara mumwangalie yule wa nyuma kabisa, yule ambaye hakuja na mtu. Msubirini afike. Msipomsubiri ninyi, kuna anayemsubiri.