Fundo la Mbegu kwenye Begi la Nkuba

Nkuba wa Madibira si mtu wa kutishika ovyo. Dume likikata kamba analifuata kwa miguu, na fisi wakilia nyuma ya boma yeye anageukia upande wa pili na kuendelea kulala. Lakini mwaka ule alioomba kwenda kumtembelea mke wake Marekani, mwanaume alikonda. Shati likawa linamning'inia, mpaka majirani wakaanza kumuuliza kwa upole kama ameshapima.

Mke wake ni Helena. Alishinda ile bahati nasibu ya ukaazi akiwa bado msichana kwao, akaenda, akapata kazi ya kuhudumia wazee katika jimbo la Iowa. Akarudi likizo, wakafunga ndoa kanisani Rujewa, na siku ya kumi na tisa akapanda ndege kurudi kazini. Hebu fikiria, ndoa ya siku kumi na tisa! Alipofika huko akamwombea mumewe visa ya kuhamia, ile ya ndoa, na faili likaingia kwenye foleni. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na kila wakiuliza wanajibiwa wasubiri.

Ndipo Helena akasema kwenye simu kwamba sasa anaanza kumsahau sura, na kwamba kwa nini asijaribu kwenda kumtembelea hata wiki tatu. Hapo ndipo hofu ilipoanza. Kuomba kutembea wakati una faili la kuhamia ni jambo la kutilia shaka, kwa sababu wenye nchi yao wanajiuliza huyu akiingia atatoka kweli. Na ukishikwa na uongo, hata mdogo, hukosi safari hiyo moja tu. Faili la ndoa nalo linaweza kufia hapo hapo, na mke na mume wakabaki watu wa kupigiana simu maisha yao yote. Helena alimweleza hayo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia.

Fomu alikwenda kujaziwa Mafinga, kwa kijana mmoja anaitwa Sosthenes mwenye duka la stesheneri, anayejua fomu zote za dunia kwa maelezo yake mwenyewe. Sosthenes alipofika kwenye kipengele cha ndoa akainua mikono kutoka kwenye kompyuta. Akashauri waandike kwamba hajaoa. Alisema mtu mwenye mke kule hapewi, hata aende na suti. Nkuba jasho lilimtoka, na Mafinga ilivyo na baridi. Akatoka nje, akasimama karibu na malori ya mbao, akarudi ndani akasema aandike ameoa, na jina la mke aliandike lote. Sosthenes akacheka, akamwambia akitoka Dar apitie pale amweleze walivyomfukuza.

Hawakumfukuza. Dirishani pale ubalozini Dar aliulizwa swali moja alilokuwa analiogopa kuliko yote: nini kitakurudisha Tanzania? Wenzake kwenye foleni walikuwa na hati za nyumba na barua za waajiri. Yeye alitoa karatasi ya skimu ya umwagiliaji yenye jina lake, ekari nne na zamu yake ya maji, akaeleza kwamba mpunga haumsubiri mtu. Yule wa dirishani akasoma, akauliza mambo mawili matatu, akachukua pasipoti. Mpaka leo Sosthenes anasema ile ilikuwa bahati ya mtende tu.

Sasa sikiliza alichofanya. Siku moja kabla ya safari, alisia kitalu. Mtu yeyote wa Madibira anajua maana yake. Ukishamwaga mbegu kitaluni, miche inakudai: siku ya ishirini na nane iwe imeng'olewa na kupandikizwa majarubani, na ukiichelewesha ikapita mwezi imezeeka, utavuna majani. Watu walimshangaa, kwamba unasiaje kesho unapanda ndege? Yeye alikuwa na sababu yake na hakumwambia mtu. Alikuwa anajiogopa. Alijua akimwona Helena, miguu inaweza kugoma kurudi, na alitaka kuwe na kitu nyuma kinachomwita. Mdogo wake, Charles, akampiga picha amesimama kwenye matope ya kitalu, suruali imekunjwa magotini.

Mama yake, Veneranda, hakushangaa wala kuuliza. Kwake yeye mwanaume akimfuata mke nchi ya mbali amehama, na hayo mengine ya wiki tatu ni maneno ya kumtuliza mzazi. Akaomba begi alipange yeye, kwa sababu kuna kanga anampelekea mkwe wake. Nkuba alimwona anazikunja kanga polepole, anazipiga piga kwa kiganja kama anambembeleza mtoto. Angejua angezikunjua. Lakini mwanaume gani wa Kisukuma anamkagua mama yake?

Basi kutoka Madibira mpaka Mafinga, Mafinga mpaka Dar, halafu ndege mbili. Ndani ya ndege hakulala. Alikuwa anakariri majibu kwa Kiingereza alichofundishwa na Charles: siku ishirini na moja, mke wangu, narudi shambani. Alipofika Marekani, ofisa wa kwanza kwenye kibanda cha uhamiaji aligonga muhuri wa kumruhusu mpaka tarehe aliyoitaja. Nkuba akaanza kupumua. Mbele kidogo, kwenye mizigo, akaulizwa kama amebeba chakula, nyama, mbegu au udongo. Akajibu hapana, kwa sauti nzuri kabisa, na begi likapita kwenye mashine.

Mashine ikasimama. Ofisa aliyevaa glavu akalirudisha begi nyuma, akalitazama tena, akamwita Nkuba kwa kidole.

Walimpeleka kwenye chumba kisicho na dirisha. Kanga ya kwanza ikafunguliwa, ya pili ikafunguliwa, na katikati kukatokea fundo. Nkuba alilijua lile fundo kabla halijafunguliwa, mafundo mawili yamelaliana, la mama yake. Ndani kulikuwa na mpunga wenye maganda yake, kama kilo moja, mwekundu mwekundu kwenye ncha.

Ule mpunga ulitoka Maswa. Mama yake aliubeba mgongoni akiwa binti, kwenye fundo kama lile, wazazi wake walipowaswaga ng'ombe mpaka Usangu kutafuta malisho. Nyumbani kwao mtu akitembea hubeba nguo, na akihama hubeba mbegu, na mama ndiye anayeifunga. Kila mwaka Veneranda aliuotesha kidogo pembeni mwa mfereji ili usipotee. Na sasa huo mpunga ulikuwa umelala juu ya meza ya bati mbele ya ofisa, unasema kwa niaba ya Nkuba kwamba bwana huyu amehama.

Ofisa akaweka simu mezani na kufungua spika, na mkalimani akaingia, sauti ya mama mmoja mwenye Kiswahili cha Tanga. Akasalimia vizuri, akasema atatafsiri kila neno. Swali la kwanza, kwa nini alisema hana mbegu. Nkuba akasema hakujua. Hata yeye alisikia jibu lilivyo dogo. Swali la pili, hizi mbegu ni za nini.

Majibu yalimjia mengi, tena yote mepesi. Aseme ni chakula. Aseme ni zawadi, au dawa ya tumbo, au kwamba begi si yake. Sosthenes angechagua moja hapo hapo na kuongeza chumvi. Kichwani Nkuba akamwona Helena upande wa pili wa ukuta, amesimama na koti mkononi tangu asubuhi. Akaona na lile faili, miaka miwili ya kusubiri, na uongo mmoja umelala juu yake. Na ukweli nao ulikuwa mbaya vile vile. Ukweli ndio ungeweza kumrudisha nyumbani siku hiyo hiyo.

"Ameweka mama yangu," akasema. "Anadhani nahama."

Yule mama wa Tanga akauliza taratibu, "Kaka, nimwambie hivyo hivyo ulivyosema?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akatafsiri. Ofisa alinyanyua macho kutoka kwenye mpunga, na kwa mara ya kwanza akamtazama Nkuba usoni. Swali lililofuata halikuhitaji mkalimani. Na wewe je, unahama?

Nkuba akaomba simu yake. Akatoa picha ile aliyopigwa na Charles, yeye kwenye matope na tarehe pembeni. Akaeleza kwamba mbegu ya mama ni hiyo hapo mezani waifanye wanavyotaka, lakini mbegu aliyoimwaga yeye iko Madibira, ina siku ya nne leo, na siku ya ishirini na nane lazima awe majini anang'oa miche, la sivyo mwaka huu wa mavuno umekufa. Alieleza maji yanavyofunguliwa kwa zamu. Alieleza mpaka mambo ambayo hakuulizwa. Mtu aliyeogopa anaongea sana.

Ofisa alitoka na pasipoti. Alikaa huko muda ambao Nkuba hakuweza kuupima. Alipagawa kiasi kwamba alianza kusali kwa Kisukuma, sala ambazo hakujua kama bado anazikumbuka. Mlango ulipofunguliwa, ofisa alimrudishia pasipoti, muhuri uko vile vile. Akaandika onyo kwenye karatasi. Mpunga akaumimina kwenye mfuko mweusi, akaufunga, akautupia pipani. Kanga akamrudishia.

Helena alikuwa bado amesimama. Nkuba alimshika mkono na kuketi naye kwenye benchi.

Wiki tatu zile hazikumwondolea hofu, ziliibadilisha tu. Ndani ya chumba chake Helena alikuwa ametenga nusu ya kabati. Alikuwa amenunua koti zito la kiume na buti za kazi, na buti za kazi si za mgeni wa wiki tatu. Nkuba aliziona, akafunga kabati. Kila jioni Charles alituma picha ya kitalu, kijani kinapanda, na kila jioni Nkuba aliiangalia huku mkono wa Helena uko begani mwake. Usiku wa kuamkia safari Helena akasema, bila kumtazama, "Baki."

Alitamani kubaki kuliko alivyowahi kutamani kitu. Ndiyo maana aliogopa zaidi kuliko kwenye kile chumba cha uwanja wa ndege. Kule alimwogopa ofisa. Humu hakukuwa na ofisa, mlango ulikuwa wazi na kitanda kilikuwa na joto. Akamwambia mkewe kwamba akibaki leo, faili lao ndilo watakalolizika. Helena akageukia ukutani. Asubuhi alimsindikiza, wakaagana kama watu waliogombana.

Siku ya ishirini na nane Nkuba alikuwa majini. Madibira wakasema amefukuzwa, maana nani anarudi kutoka Marekani kung'oa miche? Aliwaacha waseme. Mama yake alimsubiri amalize jaruba la kwanza, akamwita pembeni mwa mfereji, akamuuliza kama fundo lilifika.

Huyu ni mtu aliyekataa kumdanganya ofisa wa nchi kubwa, riziki yake yote ikiwa mezani. Akamtazama mama yake, na matope yanamdondoka viwikoni.

"Lilifika, mayu," akasema. "Helena amelitunza."

Mwaka mmoja na miezi minne baadaye visa ya ndoa ikatoka. Sosthenes alidai sifa, kwamba ni yeye aliyejaza fomu ile ya kwanza. Nkuba alifurahi siku mbili, halafu akaanza kukonda tena. Msimu ulifika, wenzake wakapiga vitalu, mfereji ukafunguliwa. Ekari zake nne alimkabidhi Charles. Yeye, kwa mara ya kwanza tangu awe na akili zake, hakusia.

Siku ya kuondoka alimkuta mama yake ameketi na begi miguuni, limefungwa. Akamuuliza kwa woga kama kuna kitu ameweka. Veneranda akasema hapana, nguo tu, alikagua mwenyewe.

"Safari hii sikukufungia mbegu," akasema. "Ile ya kwanza si ipo kule?"

Nkuba akachukua begi. Lilikuwa jepesi. Zamu yake ya maji, ambayo sasa ni ya Charles, ilikuwa siku hiyo, na kutoka uani waliyasikia yanaingia jarubani.

"Ipo, mayu," akasema, akaenda kwenye gari.