Raudha, mama wa maporomoko aliyewaimbisha wageni maji yalipojaa

Saa moja asubuhi, jua bado halijapenya kwenye msitu wa Nalupembe, na Raudha Swalehe tayari anagombana na kima.

"Diwani, acha! Hilo si lako, ni la kobe," anasema huku akimnyang'anya kipande cha papai. Kima anakiachia, ananyakua kingine kikubwa zaidi, kisha anaruka nacho juu ya bati la banda na kukaa kuwatazama watu chini akitafuna.

Raudha anacheka mpaka anaweka ndoo chini.

"Tulimpa jina la Diwani kwa sababu hakosi penye chakula," anaeleza. "Alikuja mkono umekatwa na mtego wa waya. Amepona kitambo, msitu uko wazi, lakini kila asubuhi anarudi kuripoti."

Raudha, mwenye umri wa miaka 39, ni mtembezaji wageni na mlezi wa wanyama katika hifadhi hii ndogo ya kijiji, upande wa Chinongwe wilayani Ruangwa. Kazi zake ni mbili kwa posho moja ya shilingi laki mbili kwa mwezi. Asubuhi analisha wanyama waliojeruhiwa au kuachwa yatima, mpaka wapate nguvu ya kurudi porini. Baada ya hapo anafunga vizuri kilemba chake, anachukua fimbo, na kuwapeleka wageni kwenye maporomoko.

Sauti ya maji hayo inasikika tangu getini. Ukikaribia, lazima upaze sauti ndipo mwenzako akusikie. "Nyumbani mume wangu ananiuliza, mbona unatufokea? Namwambia hapana, ndiyo sauti niliyorudi nayo kutoka kazini," anasema.

Raudha alizaliwa Mbwemkuru na kuolewa huku, kwenye familia ya wakulima wa korosho na ufuta. Yeye na mumewe, Ramadhan, wana binti mmoja, Samia, na kijijini wengi wanamwita Mama Samia.

Hakuja msituni kutafuta kazi ya utalii. Alikuja kupika. Kijiji kilipoamua kuutenga msitu huu, walikuja wapima mipaka, na kamati ikamwajiri kuwapikia. Wapima walihama kila siku, naye akahama nao, sufuria kichwani, mpaka akazijua njia zote.

"Mgeni wa kwanza alipofika, walinzi wote walikuwa wamekwenda kwenye mnada wa korosho," anakumbuka. "Alikuwa mzungu mmoja mrefu, amechoka, anataka maporomoko tu. Nikaepua ugali, nikampeleka. Aliporudi aliwaambia viongozi kuwa mwongozaji wao ni mzuri sana. Wakaulizana, mwongozaji gani?"

Tangu siku hiyo hakurudi jikoni.

Lakini watu wa eneo hili hawamsimulii Raudha kwa ajili ya mzungu yule. Wanamsimulia kwa ajili ya Jumamosi moja ya Machi mwaka jana, siku ilipokuja kwaya ya kanisa kutoka Mnero.

Walifika na kosta kutoka Nachingwea, wakiwa wamevaa sare za kitenge cha kijani. Kiongozi wa safari alikuwa Domitila, mwimbaji mkongwe wa sauti ya pili, pamoja na mwalimu wa kwaya, kijana anayeitwa Amedeus, aliyebeba ngoma mgongoni. Walikuwa wamechangishana tangu Krismasi kwa ajili ya matembezi hayo.

Ili kuyaona maporomoko vizuri, mgeni huvuka kijito kwa kukanyaga mawe, kisha hupanda mwamba mpana unaotazamana na maji. Siku hiyo kijito kilikuwa hakifiki magotini. Juu anga lilikuwa jeupe. Raudha akawavusha wote, mmoja mmoja, akiwashika mikono kinamama waliokuwa wanapiga kelele za furaha na kuinua vitenge vyao.

Wengine walikaa chini ya mwamba, miguu ndani ya maji, wakipiga picha. Raudha alikuwa anamwonyesha Domitila mbega kwenye mti alipotupa jicho majini na kuona majani mabichi yanapita. Si jani moja au mawili. Mafungu mafungu. Na maji yenyewe yalikuwa yamegeuka rangi, yamekuwa kama chai ya maziwa.

"Nilielewa hapo hapo," anasema. "Juu yetu kweupe, kumbe nyuma ya kilima mvua inamwagika. Nikapiga kelele: pandeni! Acheni viatu, acheni simu, pandeni juu!"

Waliokuwa chini walidhani ni mzaha. Raudha akashuka mwenyewe, akamkamata wa kwanza mkono na kumsukuma juu, akamfuata wa pili. Wa mwisho kupanda alikuwa Prisca, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambaye alirudi kuchukua kandambili. Alipofika juu ya mwamba, mawe waliyovukia yalikuwa hayaonekani tena. Kijito kilikuwa mto, na mto ulikuwa umeuzunguka mwamba pande zote mbili.

Prisca alianza kulia. Kilio kikaambukiza wengine. Mwalimu Amedeus akavua shati.

"Mimi naogelea vizuri," akasema. "Navuka kuita watu."

"Huendi, mwalimu," Raudha akamjibu.

"Mama, mimi ni mwanamume. Siwezi kukaa hapa kuangalia watu wangu wanalia."

"Baba, sikiliza. Ukiingia wewe, kuna wengine watano hapa watataka kukufuata. Mimi nitamzuia nani? Hapa tulipo ni juu, hayafiki. Kaa na watu wako."

Amedeus anakiri kuwa alikasirika. "Niliona kama ananidharau," anasema kwa simu kutoka Mnero. "Halafu gogo likapita pale pale nilipotaka kuingia. Zima, na mizizi yake. Nikavaa shati."

Raudha naye anasema hakuwa jasiri kama wanavyomdhania. Hakuwahi kuyaona maji yakipanda kiasi kile. Alijua mwamba haufunikwi kwa sababu tu wazee walimwambia hivyo, na kila mara alichungulia ukingoni kuona maji yamefika wapi. Aliogopa kwamba kilio kikizidi mtu atachanganyikiwa na kuruka.

Ndipo akamgeukia Domitila. "Bibi, nyie si waimbaji? Mbona mnalia tu? Imbeni!"

Domitila, mwenye wajukuu tisa, anasema aliona aibu. "Yule mtoto wa Kiislamu ndiye anatukumbusha kazi yetu! Nikawaambia wenzangu, jamani, futeni machozi. Mwalimu, toa sauti."

Wakaanza na wimbo wa kanisani. Sauti zilitetemeka, kisha zikanyooka. Walipomaliza huo Raudha akasema na yeye anataka kuimba, lakini hajui zao. Wakahamia nyimbo za harusi, zile ambazo Mmwera, Mmakonde na Mmakua wote wamezichezea uani. Hapo mwamba ukachangamka. Waliokuwa wanatetemeka kwa baridi wakapata joto la kucheza, na Prisca, macho yakiwa bado mekundu, akawa wa kwanza kupiga vigelegele.

Kulikuwa na shida moja tu. Getini, mlinzi Obadia aliwasikia, akafurahi.

"Nilisema, leo wageni wamekolea," Obadia anasimulia huku akijifunika uso kwa kofia. "Nikakaa napiga makofi taratibu. Wao wako kwenye mafuriko, mimi nawafuatisha!"

Aliyeshtuka alikuwa dereva wa kosta, Dastani. Kwaya ilikubaliana naye kula saa nane, na kwa uzoefu wake kwaya hiyo haijawahi kuchelewa chakula. Akashuka njia ya maporomoko kuwatafuta, akaona mto, akarudi mbio akiita watu.

Nusu ya kijiji ilikuja. Walibeba kamba, blanketi na mihogo ya kuchemsha, ingawa hakukuwa na namna ya kuvusha mihogo. Raudha aliwapungia fimbo kuwazuia wasiingie majini. Basi wakasimama ng'ambo, na kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wakaitikia nyimbo. Kundi moja likiimba mwambani, jingine likijibu kutoka ukingoni, maji yakinguruma katikati.

Mvua ilikoma kule juu, na maji huku yalipungua haraka kama yalivyopanda. Kabla jua halijazama, wanaume walisimama mstari kijitoni, wameshikana kwa kamba, wakawapitisha wageni mkono kwa mkono. Hakuna aliyeumia. Ngoma ya Amedeus, aliyoiacha chini ya mwamba, ndiyo iliyokwenda na maji. Iliokotwa baada ya siku kadhaa huko Mbwemkuru na mkulima aliyekuwa anapalilia mpunga, ikiwa nzima, imejaa vyura.

Furaha hiyo haikumaliza maneno. Kamati ya msitu iliitisha kikao cha wiki iliyofuata, na baadhi ya wajumbe tayari walitaka maporomoko yafungwe kabisa. Walisema siku nyingine wageni wanaweza kufa, na kijiji kitaambiwa nini? Kufunga maporomoko kulimaanisha kufunga na banda la wanyama, kwa kuwa viingilio vya wageni ndivyo vinavyolilisha. Raudha hakulala vizuri wiki nzima.

"Sikuwa nalilia posho," anasema. "Jembe ninalo, shamba ninalo. Nilikuwa namfikiria yule paa mdogo tuliyempata. Alikuwa bado ananyonya chupa. Nani ataamka kwa ajili yake?"

Siku yenyewe, kikao kilikuwa kimefika kwenye ubishi mkali pikipiki iliposimama nje. Wakashuka Domitila na Amedeus, wamejaa vumbi la barabara. Hakuna aliyewaalika.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Shehe, akawauliza wamekuja kudai nini.

"Hatudai, mzee," Domitila akasema. "Kwaya imenituma niulize, tunarudi lini? Safari ile hatukumaliza kuangalia."

Watu wakaangua kicheko, hata waliotaka pafungwe. Kicheko kilipotulia Raudha akasimama na kusema alilokuwa amelifikiria wiki nzima: wajenge daraja, na awepo mtu wa kuwaambia hali ya mvua nyuma ya kilima.

Ndivyo ilivyokuwa. Seremala Bonifasi aliongoza kazi, wakulima wakatoa magogo kutoka mashambani mwao, na leo kuna daraja la mbao linalopita juu ya alama ya maji ya siku ile. Huzaifa, mkulima anayelima ufuta upande wa juu, nyuma ya kilima, hupigiwa simu kabla ya kila kundi kuvuka. Akisema kunanyesha, wageni wanabaki getini na Diwani.

Mwamba nao umepata jina. Unaitwa Mwamba wa Kwaya, na vikundi vinakuja kuimba hapo kutoka Nachingwea hadi Ruangwa mjini. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi wa madrasa na kaswida zao, na kwaya ya Mnero ikawa hapo hapo kwa ziara yake ya tatu. Walipeana zamu. "Walioshindwa kupeana zamu ni walimu wao tu," Raudha anasema.

Sasa ana mpango mwingine. Mama yake, Mwanawetu, anaishi Mbwemkuru na hajawahi kukanyaga Nalupembe. Kila akialikwa hujibu kwamba maji hata kisimani yapo, na kwamba hakumzaa binti ili alishe nyani. Raudha anataka, korosho zikishaokotwa, amlete yeye na wenzake wa rika lake, awavushe darajani polepole, wakae mwambani kutwa nzima bila haraka ya kurudi shambani.

Je, mama atakubali?

Raudha anatabasamu, anafuta mikono yenye papai kwenye khanga.

"Juzi alinipigia simu. Tukaongea habari za mvua, habari za mjukuu wake. Alipotaka kukata akaniuliza, 'Hivi huko kwako, mtu anavaa viatu gani?' Kesho yake nikaenda Nachingwea sokoni. Nimemnunulia raba za bluu, ziko ndani kwenye sanduku."