Siku Nilikimbia Moshi Yangu Mwenyewe

Hii ningeficha mpaka kaburini, mais kijiji yote ya Vulamba inaijua, donc afazali muisikie ku kinywa yangu.

Ilikuwa wakati ya vita, basoda, baaskari wenye bunduki, bamefunga barabara ya Vuhovi, makala, makaa ya kupikia, haishuki tena, na siye wazee (batoto yetu bamekimbilia huku na huku) tulikuwa tunakutana kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha kutoka misa ku nyumba ya mumoja, chungu moja, moto moja, tunakula, tunaongea, tunaona nani angali muzima. Zamu yangu ikafika. Mama Kahindo, jirani yangu, akaniuliza, "Yaya Kavira, dada yangu, uko na makala?" Mimi na haya yangu nikajibu, "Niko nayo, hapana sumbuka."

Sikuwa nayo. Nilikuwa na kuni ya kalitusi yenye kulowa mvua. Nikapuliza mpaka kichwa ikazunguka, halafu nikatia kipande ya pneu, mupira ya gari ya zamani, moto ikakataa, nikatia ingine, nikachoka, nikatia yote iliyobakia, nikafunga mulango ya jikoni, nikashuka kuteka maji.

Kupanda tena, ninakuta batu banateremuka mbio na magodoro ku kichwa. "Basoda banachoma manyumba!" Nikatazama juu, moshi nyeusi kama usiku. Nikageuka, nikakimbia nao, na bidon ya maji mugongoni (ndiyo, ninakimbia moto na maji yote niko nayo). Mbele yangu Muzee Kambale, mwalikwa wangu, amevaa koti yake ya misa, mukwe wake anamusukuma juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, anashika kofia na mikono mbili. Mama Kahindo akaanguka, goti ikapasuka, tukamuinua, tukaendelea.

Tulisimama kule kilima ya pili, pumzi imekwisha. Hakuna risasi. Mutu mumoja akasema, "Mais moshi inatoka ku nyumba moja tu."

"Ya nani?"

Nilitaka aridhi inimeze.

"Ni jikoni yangu," nikasema. "Nilichoma pneu. Nilikosa makala."

Hakuna aliyecheka. Ile ndiyo iliniumiza. Batu balichoka tu. Balishakimbia mara mingi kwa kweli. Mama mumoja akaikala chini juu ya godoro yake, akaanza kulia polepole. Muzee Kambale akashuka ku chukudu, akanitazama.

"Mama Kavira, sisi tulikuja kuikala na wewe. Nani alikuambia tunakuja kwa sababu ya makala?"

Nikashuka kilima nikiomba samahani mulango kwa mulango. Mama Kahindo, na goti yake yenye damu, akaniletea moto juu ya kigae. Maharagi iliiva jua ikishazama, tukala yenye kunuka pneu.

Haya ya kuomba moto ingeisha palepale mulangoni. Hii ingine, ya kukimbiza wazee wenye magoti mubaya, mimi niko nayo mpaka leo. Sitaki tena kuficha kama sina.